Siku Saba Usivuke Luhira

Mfungo Pili, mwezi 6

Wewe Chiku huna haya hata kidogo. Masika ya tatu haya yanaingia hujakanyaga Songea. Kila msafara wa Lindi ukifika naenda kusimama njiani kama mwehu, nawashika wapagazi mizigo yao: mmemwona mjukuu wangu, ana mwanya, anacheka ovyo? Wananijibu yuko salama, amenenepa. Umenenepa! Na mimi huku nilikwisha kukulilia. Mtu aliyenenepa ana nguvu za miguu. Yako ina nini?

Basi nimeamua. Masika haya nitaandika mambo kadiri yanavyotokea, ukija utasoma mbele yangu nikikutazama usoni. Sikukaa chuoni hata siku moja, unajua. Herufi hizi marehemu mume wangu, babu yako, alinichorea kwenye majivu ya jikoni, tulipokuwa tunangoja mvua ipite. Mistari yangu inapanda mlima. Panda nayo.

Jana amefika mgeni kutoka kwenu huko pwani, Mwalimu Bashiru. Mwembamba, anakohoa, ana kisanduku cha wino anachokikumbatia kama mtoto mchanga. Mashehe wamemtuma aandike maisha ya ndugu yangu Daimu, yasomwe hadharani siku ya Maulidi, huko mwishoni mwa mvua. Nimempa chumba, nimempa ugali. Amedonoa kama ndege.

Unamkumbuka babu yako Daimu? Ulikuwa mdogo. Alitoka kwetu Namasakata na mkeka, sahani nyeupe na Msahafu, akaja kukaa katikati ya Wangoni, na ndiye aliyetuanzishia zikiri hapa. Vita vya maji vilimkuta hapa, na njaa iliyofuata ikamwua. Sasa kila mtu ana Daimu wake. Wanafunzi wake wanasema alikuwa walii. Wazee wa Kingoni wanasema alikuwa mwoga aliyewaharibia vita. Na bomani wapo wanaosema alikuwa mmoja wa wale waliogawa dawa ya maji ili watu wampige Mdachi. Wengine waliosemwa hivyo tuliwaona wakining'inia.

Yeye amekufa, hawamwezi. Lakini mwanawe Sefu yu hai, ndiye anayesimamia zikiri leo, na ana mdomo. Huyo wanamweza.

Mfungo Pili, mwezi 7

Mvua tangu alfajiri. Mgeni anakohoa. Nimemchemshia majani, hakunywa, anasema ana dawa ya pwani. Akohoe.

Mfungo Pili, mwezi 11

Sefu amekuja na kanzu mpya kumwelezea mgeni habari za baba yake. Nilikuwa nachambua maharage palepale barazani, kwa hiyo nimesikia kila neno.

"Andika," akasema, "kwamba baba aliyasomea maji, na risasi za Mdachi zikawa maji."

"Uliona?" Mwalimu akamwuliza.

"Nilisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

Nikashindwa kunyamaza. "Watu gani? Mimi ndiye niliyekuwa namchotea baba yako maji ya kuoshea sahani. Mbona risasi hizo sikuziona?"

"Shangazi, haya ni mambo ya wanaume."

"Mambo ya wanaume ndiyo yaliyoniachia makaburi yote haya niyapalilie."

Mwalimu alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Sefu hakucheka. Ana macho ya baba yake, Chiku, ila baba yake alikuwa anayatumia kutazama watu. Huyu anangoja watu wayatazame.

Mfungo Pili, mwezi 19

Leo akida, mtu wa Mdachi hapa kwetu, amekuja na mwavuli. Mwislamu mwenzetu, mtu wa pwani, kanzu yake ndiyo nyeupe kuliko zote Songea, na sina neno jingine zuri juu yake. Alikaa, akanywa uji wangu, akauliza mgeni anaandika nini.

"Sifa za marehemu," nikasema.

"Sifa zipi?"

"Za mtu aliyekuwa akitibu watoto homa."

"Hizo ningependa kuzisikia." Akafuta midomo taratibu. "Bibi Tabu, Bwana Mkubwa wa bomani hana neno na Maulidi. Msome, mle, mlale. Mimi nitakaa mbele na askari wangu. Ila likitoka neno moja tu kwamba marehemu aligawa maji ya vita, nyumba yenu ya zikiri itatiwa moto, na Sefu atakwenda Lindi na mnyororo shingoni. Anayeyasifu maji leo, kesho atayataka. Simtakii kijana mabaya. Mwambie."

Nimemwambia. Sefu amenijibu kwamba baba yake hakumwogopa akida yeyote. Nimemwambia baba yake alikuwa na akili.

Bakuli la akida nimelisugua kwa mchanga, nikalisuuza, nikalisugua tena.

Mfungo Pili, mwezi 24

Leo nimemketisha Mwalimu nikamwambia yaliyotokea. Wewe nawe sikia, maana hujawahi kuambiwa.

Daimu alikuwa akitibu kwa kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, mgonjwa akayanywa maji yale. Na kombe lake lilikuwa na miko. Ukinywa, unalala ndani siku saba, na huvuki mto Luhira mpaka siku hizo ziishe. Alisema dawa haipendi kutikiswa. Mimi nadhani aliona tu kwamba mgonjwa akilala, anapona.

Walipokuja wale wenye dawa ya vita kutoka kaskazini, vijana wa Kingoni walikwenda kunyunyiziwa. Kisha wakaja na kwa Daimu. Wakamwambia, "Mwalimu Daimu, na wewe una maji, tupe na ya kwako tuzidi nguvu." Aliwafukuza. Walirudi, akawafukuza. Walivyozidi kurudi nikaona anapungua, hali chakula, anazunguka nyumba. Halafu asubuhi moja akaanza kuandika sahani baada ya sahani, akawanywesha wote waliokuja, na kila mmoja akamwambia kwa ukali: ndani siku saba, usivuke Luhira, ukivuka kombe litageuka sumu tumboni. Sisi tulikaa upande huu. Boma la Mdachi lilikuwa ng'ambo.

Alipomaliza alikuja jikoni kwangu, akakaa karibu na moto na vidole vya manjano. Akasema, "Dada, nimewadanganya kwa maneno ya Mungu. Labda siku saba zitatosha."

Waliomtii walitoka ndani wakakuta wenzao wamekwisha kumalizwa na ile bunduki ya bombomu.

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Bibi, hili siwezi kuliandika."

"Kwa nini? Ndilo lililotokea."

"Mtu wa Mungu hafanyi hila kwa aya."

"Hila gani, mwanangu? Aliwafunga miguu. Angekuwa na kamba ya kutosha angetumia kamba."

"Nikilisoma hili, wanafunzi wake watatawanyika. Nani atamfuata shehe aliyedanganya?"

"Kuna wanaume wanalima hapo bondeni leo kwa sababu alidanganya. Kawaulize."

Hakuandika. Amekwenda kulala na kikohozi chake.

Mfungo Tatu, mwezi 2

Magugu yanataka kuyala mahindi. Nimepalilia kutwa, na Kunegunda naye alikuwa kwake, ng'ambo ya mfereji, amenipa mgongo.

Huyu lazima nikueleze. Ni Mngoni. Alikuwa na jina jingine kabla ya njaa kumpeleka misheni, akabatizwa, akarudi na msalaba shingoni na jembe zuri kuliko langu. Mumewe Gama alikunywa kombe la Daimu, na bado akafa vitani. Tangu hapo hajanisalimu. Nikipita anatema mate, si karibu yangu, lakini si mbali vya kutosha. Aliwahi kutuita ukoo wa wachawi, nami nikamjibu maneno juu ya msalaba wake ambayo siyaandiki hapa. Unanijua.

Zamani mate yake hayakuninyima kitu. Sasa naogopa mdomo ule. Akida akitaka mtu wa kusema "mume wangu alinyweshwa maji na Daimu," mtu huyo yuko hapo, anapalilia maharage.

Mfungo Tatu, mwezi 10

Idi. Mbuzi mmoja, midomo mingi. Sefu alihubiri juu ya ushujaa, na akida alikuwa safu ya mbele, anatikisa kichwa kila neno kama mtu anayeweka akiba.

Mfungo Tatu, mwezi 17

Tumekwenda Mpitimbi, mimi na Mwalimu, kwa mzee mmoja aliyepigana. Mwalimu hajui Kingoni, mzee hataki Kiswahili, kwa hiyo mimi nilikuwa katikati kama daraja bovu.

Mzee alikuwa anasuka kikapu. Nilipotaja jina la Daimu hakuinua uso.

"Yule mlaza-watu?" akasema. "Mwambie mgeni wako aandike hivi. Tulipokwenda kupigana tulitazama nyuma, hatukuona wenzetu. Walikuwa ndani wamejifunika. Mwalimu wenu alitukata mkono mmoja kabla Mdachi hajaja kukata wa pili."

"Na wale waliojifunika?" nikamwuliza kwa Kingoni, la kwangu mwenyewe hilo. "Mdogo wako si mmojawapo? Si ndiye aliyekulisha wakati wa njaa?"

Mzee alikaza kamba ya kikapu mpaka ikakatika. "Mama," akasema, "kushukuru nashukuru. Kusamehe ni kitu kingine."

Njiani Mwalimu aliuliza, "Amesema nini mwishoni?" Nikamfasiria yote. Tulipofika mtoni akasema, "Kumbe ulichoniambia ni kweli."

"Ulidhani natunga? Mimi? Hata hadithi za kulaza watoto sijui."

Mfungo Tatu, mwezi 22

Mvua.

Mfungo Tatu, mwezi 23

Mvua. Unga umekaribia kwisha kwa kila mtu. Watoto wanachimba viazi pori.

Mfungo Nne, mwezi 4

Nilikwenda sokoni karibu na boma kubadilisha chumvi. Nikamwona Kunegunda amesimama mbele ya baraza ya akida, kikapu kichwani, na akida anazungumza huku amemwinamia. Yule mtu hamwinamii mwanamke aliyebeba kikapu bila sababu.

Nimesahau chumvi. Nimerudi na misokoto yangu ya tumbaku niliyokwenda nayo. Sefu nimemwambia akimbilie Namasakata kwa ndugu zetu, akae huko mpaka Maulidi ipite. Amecheka. "Nikimbie, shangazi? Watasema mwana ni mwoga kama baba." Yaani, Chiku, na yeye anajua wanavyomsema baba yake. Ndiyo maana anazitaka zile risasi ziwe maji. Sikuwahi kulifikiria hivyo. Nilidhani anataka ukubwa tu, kumbe amekua akitaniwa na vijana wa Kingoni kwamba ni mtoto wa mlaza-watu.

Nimempa nyama iliyokaushwa niliyokuwa nakuwekea wewe. Ungekuja ungeila.

Mfungo Nne, mwezi 9

Mwalimu ana homa. Ametema damu kidogo akajaribu kuificha na kitambaa. Nimemwambia hapa hafichwi mtu kitu. Majani sasa anakunywa, na anakunja uso kama mtoto.

Mfungo Nne, mwezi 15

Homa imemwachia. Ameketi juani, kuna jua kidogo. Akasema, "Bibi, za risasi siziandiki. Nimekwisha kumwambia Sefu."

"Na za kombe?"

"Hizo nazo siziandiki. Nitasoma kuzaliwa kwake, safari yake, elimu yake, wagonjwa wake. Nikifika mwaka wa vita nitaomba dua na kufunga."

"Utaruka mwaka mzima? Watu wana macho."

"Ninaogopa, Bibi."

Basi nikampenda kidogo. Mtu wa kwanza katika nyumba hii kulisema neno hilo.

Lakini haitoshi. Mwalimu akinyamaza, Sefu ataijaza nafasi. Namjua. Na mimi nikisimama kusema ukweli, akida atasema dada anamtetea kaka. Damu haiwi shahidi.

Mfungo Nne, mwezi 23

Nimefanya jambo. Leo asubuhi nimechukua jembe, nikavuka mfereji, nikaanza kupalilia shamba la Kunegunda bila kuitwa.

"Shamba lako liko kule," akasema.

"Nalijua. Lako limezidiwa."

Alinitazama kama anayemtazama ng'ombe aliyeingia jikoni. Hakunifukuza. Tukapalilia, yeye mstari wake, mimi wangu, mpaka mvua ikatushukia tukakimbilia kwenye dungu lake la kuwingia ndege. Dungu dogo, tumekaa magoti yanagusana, wanawake wawili tuliotemeana mate tangu vita.

"Umekuja kwa ajili ya yule kijana," akasema. "Akida ameniita. Ameniuliza kama Gama alikunywa."

Nikauliza, "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia maharage yangu yanaozea mvuani, nitakuja siku nyingine." Akakamua nguo yake. "Unadhani namchukia ndugu yako kwa kuwa alimwua Gama. Si ndiyo? Bibi wewe, hujui kitu. Gama alishika miko. Alilala. Wenzake wanapita na ngao wanaimba, yeye ndani amejifunika kama mzazi aliyejifungua jana, kwa kuwa Mwalimu Daimu amesema. Siku ya tano wakaja watu wa nduna wetu wa vita, wakachukua mchi wangu wa kutwangia, wakauegemeza mlangoni. Wakamwita, mama Gama! Unga umekwisha? Njoo utwange!"

Mvua ilikuwa kubwa, ilibidi anisogelee.

"Alitoka. Hakuchukua ngao, hakuchukua mkuki. Alichukua ule mchi, akavuka nao Luhira. Watu wanaimba kwamba Gama alikufa mbele ya wote. Alikuwa mbele kwa sababu alikimbia mno kuwafikia waliomcheka, akawapita. Na wao waliuawa palepale. Kwa hiyo habari ya mchi najua mimi, na Mungu, na sasa wewe. Ukoo wake wanamtaja kwenye tambiko pamoja na mashujaa. Hicho ndicho alichobaki nacho. Namchukia ndugu yako kwa kuwa alimlaza mume wangu mahali pa kuchekwa."

Sijui kuzunguka, Chiku. Nilimwambia waziwazi. Kwamba akida anatafuta shahidi. Kwamba mjane wa mtu aliyekunywa, tena Mkristo, akisema ni kombe la kulala, wataamini. Kwamba Sefu atapona.

"Unataka nisimame nimvue Gama nguo mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya mtoto wako."

"Kwa ajili ya mtoto wangu."

"Toka shambani kwangu."

Nilishuka kwenye mvua ileile. Mstari niliouanza nikaumaliza kwanza, kisha nikatoka.

Mfungo Nne, mwezi 24

Leo hakutema mate. Hakunitazama kabisa. Sijui lipi baya zaidi.

Mfungo Tano, mwezi 8

Mahindi yametoa nywele. Sili vizuri.

Mfungo Tano, mwezi 20

Nimegombana na Sefu mpaka majirani wamekuja. Nimemwapiza kwa maziwa ya mama yake asifungue mdomo siku ya Maulidi. Akasema, "Kila mtu hapa ana baba. Mimi nipewe nani? Mganga wa homa?"

"Mtu aliyewapenda watu kuliko jina lake," nikasema.

"Hilo halitajwi kwenye maulidi, shangazi."

Labda anasema kweli. Nilikaa jikoni nikalia, mimi niliyezika wote bila kulia. Mwalimu akaja akakaa nami, akanimenyea maboga. Anayamenya vibaya.

Mfungo Sita, mwezi 13

Jana ilikuwa Maulidi. Leo naandika yote.

Mvua ilikatika asubuhi. Baada ya swala ya alasiri uwanja ulijaa, wanafunzi wa Daimu kutoka kila bonde, Wangoni wengi wa kutazama tu, wanawake upande wetu tumejitanda. Akida alikaa kwenye kiti mbele, askari wake wamesimama nyuma yake na bunduki. Ubani, udi, ubwabwa kidogo wa mchele tuliouomba kwa Mhindi.

Mwalimu Bashiru alisoma vizuri, Mungu amweke. Alisoma Namasakata, mkeka, sahani. Alisoma jinsi Daimu alivyokwenda kwa miguu kumtibu mtoto wa mtu aliyemtukana. Watu wakawa wanaitikia. Nami nikaanza kutulia, nikasema labda. Akafika mwaka wa vita, akainua mikono kwa dua.

"Endelea," akida akasema.

"Nimefika mwisho."

"Mtu huyu alikufa mwaka wa njaa. Wewe umeishia kabla ya vita. Kati hapo alikuwa amelala?"

Wangoni wakacheka, wanajua kwa nini Daimu aliitwa mlaza-watu. Na nikamwona Sefu anasimama. Polepole, kama mtu anayenyanyua mzigo. Askari mmoja akahamisha mguu.

"Baba yangu," Sefu akasema, "aliwapa watu maji..."

Sikuweza kupiga kelele. Nikasikia sauti nyuma yetu, kule walikosimama wapita njia.

"Mume wangu aliyanywa!"

Watu wakageuka wote. Kunegunda, na msalaba wake nje ya nguo. Akapita katikati yetu mpaka mbele ya kiti cha akida. Mimi nikasema moyoni, basi, amekuja kulipiza, kijana amekwisha.

"Mume wangu Gama aliyanywa," akasema. "Uliniuliza, nimekuja. Aliyanywa kwenye sahani, akaambiwa akalale siku saba kitandani, asivuke Luhira. Wewe ni mtu mkubwa, niambie. Hayo ni maji gani ya vita, yanayomlaza askari chini ya blanketi?"

Kicheko kikatoka kwa Wangoni, kikahamia kwa askari. Akida mwenyewe mdomo ulimcheza. Lakini si mjinga yule.

"Kama aliambiwa alale," akasema, "vitani alikwendaje? Gama mnamwimba, alikufa mbele ya wote."

Nduguze Gama walikuwa palepale, wamekaa pamoja. Kunegunda aliwatazama. Kisha akaniangalia mimi, mara moja tu, na Chiku, kama ningeweza ningemwambia nyamaza, rudi, basi, tutaona la kufanya. Sikusema. Nilitaka aseme.

Akasema. Mchi mlangoni. Mama Gama, njoo utwange. Alivyotoka bila ngao. Alivyovuka. Alisema kwa sauti ileile moja, kama anaeleza njia ya kwenda mahali. Mtu mmoja alicheka katikati, kisha wengine wengi, kicheko cha kupiga mapaja. Nduguze Gama walisimama mmoja mmoja wakaondoka bila kumtazama.

"Kwa hiyo Mwalimu wenu," akida akasema, anafuta macho, "alikuwa anagawa usingizi! Bwana Mkubwa atafurahi. Angekuwa na wengi kama huyu vita visingekuwapo." Akamgeukia Sefu. "Na wewe? Ulikuwa unasema aliwapa watu maji?"

"Maji ya kulalia," Sefu akasema, akakaa.

Walikula wali wetu wakaondoka wanacheka.

Mfungo Sita, mwezi 17

Zikiri ya juzi walikuja wachache. Watoto njiani wanaiita nyumba yetu nyumba ya blanketi. Sefu hajanisemesha tangu siku ile. Yu hai. Namsikia hapo nje akipasua kuni, na kila shoka likishuka nasema alhamdulillahi.

Mfungo Sita, mwezi 25

Mwalimu ameondoka na msafara. Kabla ya kuondoka aliniomba ruhusa aandike habari ya kombe. Amesema amefikiri, na kwamba kama Mungu hakumhukumu Daimu, yeye ni nani. Nikamwambia, la Daimu andika lote. La mchi usiliguse, si letu. Akaniapia. Nimemfungia majani ya kikohozi, ukimwona huko mwulize kama anayanywa.

Mfungo Saba, mwezi 3

Mvua zimekwisha. Tunavunja mahindi.

Ukoo wa Gama umefanya tambiko la mavuno. Wametaja wafu wao wote, mashujaa kwa majina, na Gama hawakumtaja. Kunegunda alisikia kutoka nje ya ua, maana hakuitwa. Nimemkuta shambani anavunja mahindi kwa nguvu kama anayachukia. Nilitaka kumshukuru, sijui hata ningeanzaje. Akaniambia, "Usithubutu." Basi nikachukua kapu nikavunja naye. Jioni alikuja kula kwangu, kesho nitakula kwake. Bado ananiita bibi wewe. Anapika chumvi nyingi, na nimemwambia.

Mimi kwake siwezi kumtaja Gama. Mdomo wangu ndio uliomwomba amvue nguo. Nduguze hawamtaji, mapadri hawakumjua, na wanaomtaja njiani wanamtaja na mchi wake.

Kwa hiyo wewe sikia, na safari hii usiniletee visingizio vya mtoto kuota meno. Ukija, usianze kwangu. Pita kwanza nyumba ya Kunegunda, mpigie goti, mwite bibi. Usimpe pole, haipendi, atakufukuza. Keti chini umwulize Gama alikuwa mtu wa namna gani: alicheka na nini, alipenda kula nini, alimposaje. Kisha nyamaza, na usiinuke mpaka amalize, hata giza likiingia. Mimi nitakuwa nangoja mlangoni. Ugali ukipoa nitasonga mwingine.